Kubadilisha plagi, waya na kofia ya distribyuta kwenye 5A nyumbani, gari isianze kumisi: mwongozo kamili

Wakuu, nimeandika huu mwongozo kwa sababu tatizo ni lilelile kila siku. Mtu ana Corolla 100 au 110, ama Carina Ti, enjini 5A-FE, kanunua plagi mpya na waya mpya, kafunga mwenyewe Jumamosi asubuhi, kufika mchana gari inamisi, yaani kuna silinda haiwaki vizuri, na inatetemeka kuliko jana yake. Anarudi dukani kugombana na muuza spea kwamba kapigwa feki.

Mara nyingi spea haina kosa kabisa. Kosa liko sehemu tatu: waya zimechanganywa, oili imejaa kwenye mashimo ya plagi na hakuna aliyeitoa, au plagi imeingia upande na ikakazwa hivohivo. Ukizikwepa hizo tatu kazi inabaki nyepesi, hata kama hujawahi kushika spana.

Na niseme mapema ili mtu asije kuvunjika moyo: hii apgredi haikuongezei nguvu mpya. Inakurudishia ile iliyokuwa imepotea kidogokidogo mpaka ukaizoea. Kwenye gari ya miaka ishirini na tano hiyo ni tofauti kubwa sana, utaiona kwenye kupanda mlima na utaiona kwenye mafuta.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua boneti

Usianze kazi ukiwa na nusu ya vitu, maana gari itabaki imefunguliwa na utalazimika kubahatisha.

Spea:
- Plagi nne.
- Seti ya waya za plagi, zote kwa pamoja, usinunue moja moja.
- Kofia ya distribyuta (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi) na rota yake, kile kipande kinachozunguka ndani.
- Gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya enjini) pamoja na sili nne za mashimo ya plagi. Hizi nunua hata kama hujaona oili bado, ukikuta hazihitajiki utazirudisha.
- Oringi ya distribyuta, kama upande wa gia boksi kuna oili inachuruzika kutoka juu.

Vifaa:
- Spana ya plagi ya 16 yenye mpira au sumaku ndani, ekstensheni ndefu na racheti.
- Soketi 8, 10 na 12, bisibisi ya nyota.
- Maltimita, hata ile ya bei ndogo.
- Fila geji (kipimo cha nafasi ya cheche), ya waya kama plagi zako ni iridiamu, zile za ncha nyembamba.
- Kipande cha mpira cha kama sentimita 25 kinachobana vizuri kichwa cha plagi. Mpira wa mafuta wa pikipiki unafaa, we jaribu kwanza dukani kwa kuuvisha kwenye plagi.
- Tepu ya karatasi na kalamu ya kuandikia waya namba.
- Matambaa, breki klina, na pampu ya upepo. Kama huna pampu, kabla ya kuanza pitia kwa fundi pancha, mwombe akupulizie mashimo ya plagi, atakutoza kidogo sana au atakuachia bure.

Torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ukiwa nayo safi. Usipokuwa nayo nitakuonyesha namna ya kuhesabu mzunguko.

## Kuchagua plagi

Hapa ndo watu wanapoteza hela, so nikae hapa kidogo.

Kwenye 5A nyingi plagi ya kawaida ni NGK BKR5EYA au Denso K16R-U. Ile 5 ya NGK na 16 ya Denso ni joto la plagi, zinalingana. Usidanganywe kwamba namba kubwa ni nguvu zaidi. Kwa kampuni zote mbili namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, na plagi ya baridi kwenye gari ya mjini, ya foleni na safari fupi, inashika masizi haraka kisha gari inaanza kumisi.

Angalia pia mwisho wa namba. Ikiandikwa 11 mwishoni, maana yake nafasi ya cheche ni milimita 1.1, bila hiyo mara nyingi ni 0.8. Magari haya hayafanani wote, so chungulia stika chini ya boneti au kitabu cha gari, usikopi ya jirani hata kama gari zenu zinafanana rangi.

Iridiamu au za kawaida? Maoni yangu: kama mashimo yako yanavuja oili na waya ni za zamani, usiweke iridiamu leo. Weka za kawaida, tibu mavujo, afu iridiamu ije zamu inayofuata. Faida yake kubwa ni kukaa muda mrefu, lakini plagi iliyoogelea kwenye oili haikai muda mrefu hata iwe ya dhahabu.

Ukinunua iridiamu, iangalie ncha. Ya Denso Iridium Power ina unene wa milimita 0.4 tu, kama ncha ya sindano. Ukiona kijiti kinene kama cha plagi ya kawaida na boksi linasema iridiamu, rudisha. Iwe Kariakoo ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi, muuzaji anayejiamini hawezi kukukataza kufungua boksi na kuangalia palepale kaunta.

## Hatua ya 1: Enjini ipoe kabisa

Sio uvuguvugu, ipoe kweli. Fanya asubuhi kabla gari haijawashwa. Silinda hedi ni aluminiamu, na plagi ikitolewa kwa moto inaweza kutoka na nyuzi za hedi. Hapo utaanza kutafuta fundi wa kuchonga na kuweka bushi, kazi ya saa moja inageuka ya siku tatu.

Vua waya hasi wa betri. Ufunguo utoe, weka mfukoni kwako, hasa kama nyumbani kuna watoto.

## Hatua ya 2: Andika namba kwenye waya

Silinda namba 1 ni ile iliyo upande wa taimingi belti, yaani upande wa dereva kwa gari zetu za usukani kulia. Distribyuta ipo mwisho wa pili, upande wa gia boksi. Kwa hiyo waya wa namba 1 ndo mrefu kuliko wote, na wa namba 4 ndo mfupi.

Kata vipande vya tepu, andika 1, 2, 3, 4, bandika kwenye waya na kwenye kofia ya distribyuta pale kila waya unapoingilia. Piga picha ya simu pia, lakini usitegemee picha peke yake, maana kwenye picha waya zote ni nyeusi na zinapishana.

Ukikuta kofia yako ina waya tano badala ya nne, huo wa katikati unatoka kwenye koili (inayozalisha umeme wa cheche) iliyo nje. Nyingi za hizi gari koili iko ndani ya distribyuta yenyewe.

Onyo: usivue waya enjini ikiwa inaunguruma ili kusikiliza silinda ipi imekufa. Najua mafundi wengi wanafanya. Umeme wa pale ni maelfu mengi ya volti, unakurusha, na moto ukikosa pa kwenda unaweza kuua koili au ignaita.

## Hatua ya 3: Tazama ndani ya mashimo kabla ya kugusa plagi

Vua waya ya namba 1 kwa kushika mpira wake wa chini, zungusha kidogo kushoto kulia ndo uvute. Ukivuta kwenye waya wenyewe unakatika ndani na kwa nje hautaona kitu.

Sasa mulika tochi ndani ya shimo. Utakutana na moja kati ya haya:

Vumbi na mchanga. Puliza kwa upepo mpaka shimo liwe safi. Mchanga ukidondoka ndani ya silinda unakwangua ukuta, na hakuna namna ya kuurudisha.

Maji au kutu. Mtu aliosha enjini kwa presha. Kausha.

Oili. Hii ndo inayowaangusha wengi. Juzi kijana wa jirani aliniita, gari yake baada ya kuweka plagi mpya ilitoa moshi wa bluu mpaka uchochoro mzima ukanuka. Nikatoa waya ya namba 3, mpira ulitoka unang'aa, umevimba na umelegea kama embe lililoiva kupita kiasi, na oili ilikuwa imejaa shimoni karibu nusu. Alichofanya ni kufungua plagi oili ikiwa bado mle ndani, ikamwagikia yote kwenye silinda. Plagi mpya ikalowa siku ya kwanza.

Ukikuta oili, chovya tambaa lililosokotwa kwenye bisibisi ndefu, rudia mpaka shimo likauke, malizia kwa breki klina kidogo na upepo. Kisha ndo ufungue plagi, halafu nenda hatua ya 5 kabla ya kufunga mpya. Usiiruke. Mpira wa waya mpya ukikaa ndani ya oili utavimba vilevile na cheche itatafuta njia ya mkato.

## Hatua ya 4: Toa plagi na uzisome

Legeza kila plagi taratibu. Ikigoma, rudi nyuma robo mzunguko, weka tone la mafuta ya kulainisha kwenye nyuzi, subiri dakika kumi, jaribu tena mbele na nyuma. Usifosi kwa bomba refu.

Zipange juu ya kadibodi kwa mpangilio 1 mpaka 4, zinaongea:

- Rangi ya maziwa ya chai au kijivu: silinda iko salama.
- Nyeusi kavu kama masizi ya koroboi: petroli nyingi au cheche dhaifu. Ikiwa ni moja tu kati ya nne, shuku waya wake.
- Nyeusi ya kulowa oili kwenye ncha: oili inapita kwenye ringi au sili za valvu. Plagi mpya haitatibu hilo.
- Oili nje tu, juu ya nyuzi, ila ncha ni safi: ni sili za tapeti kava.
- Nyeupe iliyoungua: silinda inapata moto kupita kiasi, hewa nyingi petroli kidogo, au plagi si ya joto sahihi.

## Hatua ya 5: Sili za tapeti kava (kama ulikuta oili)

Vua mipira miwili ya hewa, sogeza waya, fungua nati za juu. Kava likiwa limeganda ligonge kwa kiganja pembeni, usichomeke bisibisi katikati, utakwaruza sehemu inayokaa gasketi.

Toa sili za zamani. Zikiwa zimekauka utazisikia zinavunjika kama plastiki ya ndoo iliyokaa juani, ndo sababu zilikuwa zinavuja. Safisha mfereji wa kava na uso wa hedi vikauke kabisa, hata alama ya kidole ya mafuta futa. Weka sili na gasketi mpya.

Silikoni weka tone dogo tu kwenye kona, pale kepu za kamshafti zinapokutana na hedi na pale penye kipande cha mpira cha umbo la nusu mwezi. Watu wanapaka silikoni kuzunguka kava lote, ikizidi inaminyika ndani, vipande vinaelea kwenye oili na kwenda kuziba njia.

Kaza nati kwa awamu, kidogo hapa kidogo pale, mpaka kama nyutoni mita 6. Hiyo ni ndogo sana, ni nguvu ya kifundo cha mkono na racheti ndogo. Ukikaza kama nati ya tairi gasketi inachomoka na itavuja zaidi ya mwanzo. Acha silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu, mimi huwa naacha usiku mzima.

## Hatua ya 6: Funga plagi mpya

Pima nafasi kwanza kwa fila geji, hata kama boksi linasema tayari imepimwa, maana zinadondoka njiani. Za kawaida unaweza kurekebisha kwa kukunja mguu wa nje taratibu. Iridiamu usiiguse ncha ya katikati kabisa, kama nafasi imekataa rudisha ubadilishiwe.

Visha plagi kwenye kile kipande cha mpira, ishushe shimoni, zungusha mpira kwa vidole. Uzuri wa mpira ni huu: nyuzi zikiingia upande, mpira unateleza wenyewe badala ya kula hedi. Plagi iliyoingia sawa inazunguka laini mizunguko kadhaa. Ikigoma mapema toa, anza upya.

Ikishagota kwa mkono ndo uchukue spana. Plagi mpya yenye washa yake (ile pete ya chuma): ongeza nusu mzunguko mpaka theluthi mbili, basi. Kwa torki renchi ni nyutoni mita 18. Utahisi washa inaminyika kisha inakuwa ngumu ghafla, simama hapo.

Grisi, ya kawaida au ya kopa (shaba), kwenye nyuzi usipake. NGK wenyewe hawashauri, kwa sababu plagi tayari ina mpako wake na ukiongeza ulaini utakaza kupita kiasi bila kujua.

## Hatua ya 7: Kofia na rota

Fungua skrubu za kofia, ivue. Geuza uitazame kwenye mwanga. Unatafuta miguu ya ndani iliyolika au yenye ukungu wa kijani na mweupe, hasa kwa sisi wa Dar, Tanga na Mombasa ambako hewa ya chumvi haiachi chuma salama, na mistari myembamba myeusi kama nyufa za unywele. Ile mistari ni njia ya cheche iliyopotea, kofia ya namna hiyo usiisafishe, tupa.

Rota nyingine inavutwa tu, nyingine ina skrubu. Inakaa namna moja peke yake, vivyo hivyo kofia. Isipokaa, usiminye, geuza. Na angalia kile kitufe cha kaboni katikati ya kofia mpya, kibonyeze kwa kidole, lazima kirudi juu chenyewe.

## Hatua ya 8: Waya mpya, mmoja mmoja

Kabla ya kuzifunga zipime kwa maltimita, ncha hadi ncha. Isizidi kilo-omu 25 kwa waya mmoja. Nimewahi kukuta waya mpya, ndani ya plastiki yake, mmoja hausomi kitu kabisa. Dakika mbili za kupima zimeniokolea nusu siku ya kutafuta mchawi.

Hamisha waya mmoja kwa wakati: toa wa zamani wa namba 1 kwenye kofia ya zamani, weka mpya kwenye kofia mpya sehemu ileile. Kisha wa pili. Usizichomoe zote kwa pamoja.

Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, kwa kufuata upande rota inakozungukia. Sio 1-2-3-4, hapo ndo wengi wanalala.

Sukuma kila waya mpaka usikie au uhisi "tak". Zirudishe kwenye vishikizo vyake, zisiguse ekzosi wala kusuguana.

Kama ulishazichanganya: toa plagi namba 1, ziba shimo kwa kidole, mtu azungushe bolti ya puli ya chini kwa soketi 19, mwelekeo wa saa, betri ikiwa bado imevuliwa. Upepo ukianza kukusukuma kidole, endelea polepole mpaka alama ya puli ifike 0. Pale rota ilipoelekea ndo namba 1. Kutoka hapo hesabu 3, 4, 2 kwa upande rota inakoelekea ukiendelea kuzungusha.

## Hatua ya 9: Distribyuta ikibidi kutoka

Kama unabadilisha oringi tu, kabla ya kulegeza bolti chora mstari wa kalamu kutoka kwenye mwili wa distribyuta mpaka kwenye hedi, na alama nyingine pale rota ilipoelekea. Ikishatoka usizungushe enjini. Paka oringi mpya oili safi kidogo, rudisha mistari ikutane.

Lakini mstari wa kalamu unakufikisha karibu tu. Taimingi, yaani wakati cheche inapopiga, lazima ipimwe kwa taa ya taimingi. Enjini ipate moto, taa za gari na AC vizimwe, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha dayagnosi chini ya boneti kwa kipande cha waya, elekeza taa ya taimingi kwenye puli. Inatakiwa isome digrii 10 kabla ya juu, yaani kabla pistoni ya namba 1 haijafika juu kabisa. Zungusha distribyuta kidogokidogo, kaza, pima tena, ndo utoe ule waya.

Asiyeunganisha TE1 na E1 anapima namba ambayo kompyuta inaisogeza yenyewe, so anaweka taimingi ya uongo na enjini inaanza kugonga gari ikipanda mlima. Kama huna hiyo taa, nenda kaiazime kwa fundi saa moja, au mpelekee gari hiyo hatua moja tu.

## Hatua ya 10: Washa

Rudisha betri. Sailensa (mzunguko wa enjini bila kukanyaga mafuta) mwanzo inaweza kuwa juu kidogo, ikipata moto itulie. Weka sarafu au kikombe cha maji juu ya tapeti kava, maji yatikisike sawasawa bila kuruka. Nenda nyuma, weka kiganja mbali kidogo na ekzosi: upepo utoke mfululizo, usiwe unakata.

Usiku fanya jaribio moja zaidi. Zima taa zote uani, enjini inaunguruma, nyunyizia ukungu mwembamba wa maji karibu na waya, mikono yako mbali. Ukiona vicheche vya bluu vinatembea juu ya waya, au gari inaanza kumisi, huo waya au kofia inavuja umeme.

Ikimisi bado, fuata huu mpangilio: angalia waya zimeingia mpaka mwisho, angalia 1-3-4-2, kisha mpira wa hewa uliosahau kurudisha, kisha nati ya waya wa eathi kati ya enjini na bodi. Usiendeshe wiki nzima gari ikimisi, petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye katalaiza, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi.

Baada ya kilomita 500 hivi, enjini ikiwa baridi, toa plagi moja uitazame, ikiwezekana ile ya silinda iliyokuwa na oili. Mulika na shimo. Likiwa kavu, sili zimekaa.

Waya za zamani zilizopima chini ya kilo-omu 25 usizitupe. Zifunge na tepu zake za namba, pamoja na rota ya zamani na spana ya 16, weka chini ya zulia la buti.